Breki za mbele na za nyuma: somo kwa wenye pikapu za kushusha mazao mlimani

 

Wengi mmezoea kunisikia nikiongelea mbegu, mbolea, viwavijeshi na kutu ya ngano. Leo naomba tuongelee breki. Najua kuna atakayesema, "Bwana shamba sasa amegeuka fundi gereji." Hapana, mimi si fundi. Ila zao halijawa pesa mpaka lifike sokoni, na sisi wa Mbulu ili tufike sokoni lazima tushuke. Ukienda Babati unashuka mlima Magara au unashuka Dareda. Ndugu zangu wa Hanang nao wana miteremko yao, wanaoshuka na matela ya ngano na mahindi kuja Katesh wanaijua. Kwa hiyo breki ni sehemu ya kilimo chetu kama jembe lilivyo.

Sababu ya pili ni kwamba kuna kosa nililishiriki mwenyewe. Nimelinyamazia muda mrefu, leo nalisema ili wewe usilirudie.

Ilivyokuwa

Kikundi kimoja ninachokihudumia kilinunua pikapu iliyotumika. Walikuwa wanalima vitunguu saumu na maharage, na wamechoka kuuza shambani kwa bei ya dalali. Nikakaa nao, tukapiga hesabu ya usafiri. Gari linaruhusiwa kubeba tani moja. Nikawaambia, kwa faida tuliyoiona kwenye karatasi, mkiongeza springi mbili nyuma mkabeba magunia 14 badala ya 10, gharama ya kila gunia inashuka sana. Wakafurahi, springi zikaongezwa.

Mwezi haujaisha, dereva akaja kulalamika: "Bwana shamba, gari likiwa na mzigo halishiki." Tukaenda gereji. Fundi akashauri tuongeze breki za mbele, yaani diski kubwa zaidi na kalipa zenye pistoni kubwa, tena na pedi ngumu. Tukachanga, zikafungwa. Siku ya kwanza mjini dereva alikanyaga kidogo tu, watu wote vichwa mbele. Tukacheka, tukasema sasa gari lina breki.

Safari iliyofuata alishuka Magara na mzigo. Kabla ya kufika chini, magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi na pedali inazama mpaka chini. Mungu alisaidia alikuwa kwenye gia namba mbili. Akarudi namba moja, akavuta hendi breki kidogo kidogo, akaliingiza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima. Upande wa pili ni korongo, wote mnapajua.

Tukarudi gereji. Safari hii fundi mwingine akaingia chini ya gari, akatoka anatabasamu. "Mzee, kuna valvu huku nyuma ndiyo inayokunyima breki za nyuma. Hii tunaifunga na waya, inabaki wazi muda wote." Akafunga. Na kweli, gari likiwa na mzigo lilishika vizuri mno. Wiki mbili tukaona tumemaliza tatizo.

Sasa siku tunarudi tumeshauza, gari tupu, tuko watatu mbele: dereva, mama mtunza hazina na mimi. Mvua imenyesha. Mlima tumeshaupanda, tuko juu kabisa, tunaona kama tumeshafika nyumbani. Kwenye kona ndogo yenye mteremko kidogo, ng'ombe wakakatiza. Dereva akakanyaga breki kama mtu yeyote angefanya. Nyuma ya gari ikahama, ikataka kupita mbele. Kufumba na kufumbua tunaangalia tulikotoka, na gari limelala ubavu mtaroni. Mama mtunza hazina alivunjika mkono. Msimu mzima hakushika jembe, na palizi yake ilifanywa na majirani.

Ukiniuliza kosa lilikuwa la nani, dereva hana kosa. Tulilitengeneza sisi, hatua kwa hatua, kila mara tukidhani tunaongeza usalama. Twende sasa kwenye somo lenyewe.

Anza na mkokoteni wa punda

Umewahi kushusha mkokoteni wa punda wenye mzigo? Punda anajitahidi kuzuia kwa mbele, lakini mkokoteni unamsukuma. Ndiyo maana lazima mtu awe nyuma, anashika kamba au anavuta kurudisha nyuma. Punda peke yake anachoka, anapiga magoti. Na mtu wa nyuma akivuta kwa nguvu kupita kiasi mkokoteni ukiwa mtupu, anauyumbisha wote.

Breki za gari ni hivyohivyo. Za mbele na za nyuma zinagawana kazi moja. Swali la kuuliza halitoshi kuwa "breki zina nguvu?" Uliza pia "nguvu hiyo imegawanywa vipi, na je, inafuata uzito ulipo?"

Tairi linaweza kushika barabara kwa kadiri lilivyokandamizwa na uzito. Ukilipa breki kubwa kuliko uzito lililobeba, linaacha kuzunguka na kuanza kuburuzika. Mafundi wanasema tairi limejifunga. Tairi likijifunga linapoteza uwezo wa kufuata njia, linateleza kuelekea popote.

Hapa kuna jambo kubwa, lishike:

- Za mbele zikijifunga kwanza, gari linaenda moja kwa moja. Usukani haufanyi kazi, lakini ukilegeza mguu kidogo tairi zinazunguka tena na usukani unarudi.
- Za nyuma zikijifunga kwanza, nyuma ya gari inakuwa kama iko juu ya sabuni wakati mbele bado inashika. Nyuma inataka kupita mbele, gari linazunguka. Dereva wa kawaida hapati nafasi ya kurekebisha.

Ndiyo maana viwanda vinapanga magari ili yakikanyagwa kwa nguvu, za mbele zianze kujifunga kidogo kabla ya za nyuma. Magari yenye ABS yana kompyuta inayozuia tairi kujifunga, lakini pikapu nyingi za zamani tunazozinunua huku hazina, au inayo ila taa yake imewaka siku nyingi na hakuna anayejali.

Hesabu ndogo ya uzito

Usiogope namba, ni hesabu za mfano ili uone picha. Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,500. Ikiwa imesimama, mbele kuna kilo 850 na nyuma kilo 650. Umbali wa ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na kitovu cha uzito kiko mita 0.7 kutoka chini.

Ukikanyaga breki kwa nguvu, gari linainama mbele. Kwa breki yenye nguvu sawa na asilimia 60 ya uzito wa gari, uzito unaohamia mbele ni:

1,500 × 0.6 × 0.7 ÷ 3 = kilo 210.

Sasa mbele kuna kilo 1,060 na nyuma kilo 440 tu. Kwa hiyo kwenye kila sehemu 100 za breki, za mbele zinatakiwa zifanye 71 na za nyuma 29.

Pakia kilo 1,000. Karibu mzigo wote unakaa juu ya ekseli ya nyuma. Ikisimama, mbele ni kilo 950 na nyuma 1,550. Magunia yamepanda juu, kwa hiyo kitovu cha uzito kimefika mita 0.9. Ukikanyaga breki ileile:

2,500 × 0.6 × 0.9 ÷ 3 = kilo 450 zinahamia mbele.

Mbele zinakuwa 1,400 na nyuma 1,100. Mgawo sasa ni 56 kwa 44.

Umeona? Nyuma imetoka kilo 440 ikafika 1,100, mara mbili na nusu. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, lakini breki ya nyuma inayofaa gari likiwa na mzigo ni hatari likiwa tupu. Na ile inayofaa gari tupu haitoshi likiwa na mzigo. Hapa ndipo penye fumbo lote la pikapu ya mkulima. Gari dogo la mjini linabeba watu wanne leo na wanne kesho, mgawo wake haubadiliki sana. Letu linashuka limejaa, linapanda tupu.

Kazi ya ile valvu

Waliotengeneza pikapu wanalijua fumbo hili. Pikapu nyingi za Kijapani zina valvu ya mzigo, imefungwa kwenye chesisi upande wa nyuma, na fimbo au springi ndogo inaiunganisha na ekseli. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu mbali na ekseli, na valvu inapunguza presha ya mafuta ya breki inayokwenda nyuma. Ukipakia, chesisi inashuka kukaribia ekseli, fimbo inasukuma, valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Kwa maneno mengine, valvu inapima mzigo kwa kuangalia springi zimelala kiasi gani.

Sasa rudi kwenye kisa chetu.

Tulipoongeza springi, chesisi ilipanda na ikawa hailali hata ikipakiwa. Valvu ikadhani gari ni tupu siku zote. Breki za nyuma zikanyimwa presha wakati mzigo upo. Ndiyo maana dereva alisema halishiki.

Tulipoongeza breki za mbele, tulimpa punda kazi ya mkokoteni mzima. Mjini ikaonekana nzuri kwa sababu unasimama mara moja unaondoka. Mlimani ni kitu kingine, unashika breki muda mrefu na moto wote unabaki mbele.

Tulipofunga valvu kwa waya, tulipata breki za nyuma wakati wa mzigo, lakini tukazipata pia wakati gari ni tupu na barabara imelowa. Matokeo nimeshakueleza.

Mlima unatoa moto kiasi gani?

Chukua gari la kilo 2,500 linaloshuka mita 500 za wima. Nishati inayotakiwa kuzuiwa ni kama megajuli 12. Moto huo, kama wote ungeingia kwenye maji ya baridi, ungechemsha zaidi ya lita 35, karibu ndoo mbili za lita 20. Kama hukutumia gia, sehemu kubwa ya moto huo inaingia kwenye breki. Kama breki za nyuma hazifanyi kazi, unaingia kwenye diski mbili za mbele peke yake.

Pedi zikipata moto kupita kiasi zinapoteza ukali, unakanyaga kwa nguvu lakini gari halipungui. Mafuta ya breki nayo yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabinyika, mafuta hayabinyiki, ndiyo maana pedali inazama mpaka chini bila kitu.

Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Lakini mafuta haya yananyonya unyevu hewani. Yakishaingia maji, kiwango hicho kinashuka mpaka nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishanyonya maji. Kwa hiyo mafuta yaliyokaa miaka mitano ndani ya gari si mafuta ya kushukia Magara. Badilisha kila baada ya miaka 2, na chupa iliyofunguliwa siku nyingi usiiweke kwenye gari.

Kabla hujaongeza chochote, rudisha kilichokuwepo

Tulipolipeleka gari kwa fundi wa tatu, alifungua dramu za nyuma kwanza. Silinda moja ilikuwa imeganda, nyingine inavujisha mafuta kwenye breki shuu. Maana yake hata tungekuwa hatujaongeza springi, breki za nyuma zilikuwa nusu. Tulikuwa tunanunua mpya za mbele wakati za nyuma ni wagonjwa. Ni sawa na kuongeza mbolea kwenye shamba lenye magugu.

Fuata mpangilio huu:

1. Fungua magurudumu yote manne. Pima unene wa pedi na breki shuu, angalia diski na dramu kama zimekwisha au zimechimbika. Silinda zivutike vizuri, mipira isiwe imepasuka.
2. Angalia kushoto na kulia. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga, kuna silinda iliyoganda au mafuta yamegusa pedi. Usawa wa mbele na nyuma hauna maana kama kushoto na kulia hakuko sawa.
3. Rekebisha breki za dramu. Breki shuu zikiwa mbali na dramu, pedali inatembea sana na za nyuma zinachelewa.
4. Kagua valvu ya mzigo. Fimbo ipo? Imepinda? Imefungwa waya? Inatembea au imeganda kwa kutu na matope? Magari mengi ya mnadani nimeyakuta yana waya hapo.
5. Badilisha mafuta, toa upepo. Kumbuka baadhi ya valvu za mzigo zina mahali pake pa kutolea upepo. Fundi akiparuka, upepo unabaki.
6. Jaribu gari. Mara nyingi ukifika hapa utagundua huhitaji kuongeza kitu.

Ukiamua kuongeza, jua unachokigusa

*Kalipa yenye pistoni kubwa mbele.* Pistoni ikitoka milimita 50 kwenda 57, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 30, na nguvu ya kubana pedi inaongezeka hivyohivyo kwa presha ileile. Mgawo wa mbele umepanda, wa nyuma umeshuka. Pia pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi, kwa hiyo pedali itashuka chini zaidi kabla ya kushika kama masta silinda ni ileile.

*Diski kubwa zaidi.* Inaongeza nguvu kwa sababu pedi inabana mbali na katikati ya gurudumu, na inavumilia moto vizuri. Ila nayo inaongeza mgawo wa mbele.

*Pedi ngumu za mbele pekee.* Watu wanaona ni jambo dogo, lakini pedi zenye ukali tofauti zinabadilisha mgawo sawa na kubadilisha kalipa. Na pedi nyingine ngumu hazishiki vizuri zikiwa za baridi.

*Kuondoa dramu nyuma na kuweka diski.* Hapa kuwa makini sana. Dramu inajivuta yenyewe inapozunguka, diski haifanyi hivyo, kwa hiyo presha inayotakiwa ni tofauti. Masta silinda na valvu vilivyopangwa kwa dramu huenda visifae. Na hendi breki yako itakwenda wapi? Kwenye milima yetu gari bila hendi breki halifai.

*Tairi kubwa zaidi.* Tairi likiwa refu, breki ileile inapata kazi ngumu zaidi kulizuia. Watu wengi wanaweka tairi kubwa kwa ajili ya matope halafu wanalaumu pedi.

*Springi.* Hii ni yetu sisi wakulima. Ukiongeza springi, umeshagusa breki hata kama hukushika spana ya breki. Valvu ya mzigo lazima ipimwe na kurekebishwa upya kwa kufuata kitabu cha gari hilo, fundi akiwa na geji ya presha, si kwa kukisia. Na springi haziongezi uwezo wa gari kubeba. Chesisi, ekseli, tairi na breki vimebaki vilevile.

Kujaribu usawa

Tafuta eneo tambarare, kavu, pana, lisilo na watu, mifugo wala watoto. Uwanja wa mpira nje ya muda wa michezo unafaa. Gari tupu, mkanda umefungwa, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kanyaga breki kwa nguvu, huku mwenzako amesimama mbali kando akiangalia tairi. Rudia mara tatu, kisha angalieni alama chini.

- Mbele zikianza kuburuzika kidogo kabla ya nyuma, na gari linakwenda sawa, ni vizuri.
- Nyuma zikianza kuburuzika kwanza, gari hilo lisitoke barabarani. Rudi gereji.
- Nyuma hazionyeshi kazi yoyote hata gari likiwa na mzigo wa kawaida, breki za nyuma hazisaidii na za mbele zitaungua mlimani.

Ukimaliza mteremko, simama mahali salama. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa, utaungua. Ya mbele kuwa na moto zaidi ni kawaida. Lakini mbele kama jiko na nyuma baridi kabisa ni dalili. Moja la kushoto moto na la kulia baridi ni dalili pia. Usimwagie maji diski yenye moto, itapinda.

Uzito nao usikudanganye

Tunasema magunia 10 ni tani moja. Ni kweli kama gunia ni kilo 100. Sasa weka lumbesa. Gunia la kilo 130 mara 14 ni kilo 1,820, kwenye gari la tani moja! Lumbesa tunaipiga vita kwa sababu inamwibia mkulima kwenye bei, na Wakala wa Vipimo wanasema kila siku gunia lisizidi kilo 100. Leo ongeza sababu nyingine: inamwibia dereva breki. Soma kibandiko cha uzito cha gari lako, toa uzito wa gari tupu, dereva, abiria na mafuta, kinachobaki ndicho mzigo. Panga magunia mazito chini na mbele, karibu na kibini, usiyarundike mkiani.

Kushuka

Breki nzuri haiondoi udereva. Gia unayopandia mlima na mzigo ndiyo gia ya kushukia, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Usishuke na fri hata mita 10 kwa kutaka kubana mafuta. Acha injini ikushike, breki ipunguze mwendo kwa kukanyaga kisha kuachia, si kuweka mguu juu yake njia nzima. Wenye Canter tumieni breki ya egizosti, haikuwekwa kama pambo. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali pa kusimama sasa, usisubiri kufika chini.

Kwa wenye trekta na tela, hasa wa Hanang

Kanuni ni ileile: breki iwe pale uzito ulipo. Trekta nyingi zinashika breki tairi za nyuma tu. Ukivuta tela lenye tani kadhaa lisilo na breki, wewe ni yule punda. Tela linakusukuma, na kwenye kona linajikunja likakupindua. Kama unashuka milima, nunua tela lenye breki na uhakikishe zimeunganishwa, isiwe bomba linaning'inia tu.

Pedali mbili za breki za trekta zifungwe pamoja kila unapotoka shambani kuingia barabarani. Ukikanyaga moja kwenye mwendo, trekta linageuka ghafla. Na kama trekta lako linavuta tairi zote nne, iweke unaposhuka na mzigo mteremko wa vumbi au matope, tairi za mbele nazo zitasaidia kushika kupitia giaboksi.

Tulichofanya mwishowe

Kikundi kilitoa springi za ziada. Fimbo ya valvu ilirudishwa na kupimwa. Silinda, breki shuu na mipira ya nyuma vikanunuliwa vipya, mbele tukarudisha kalipa za ukubwa wa kiwandani na pedi bora za kawaida. Mafuta yakabadilishwa. Yote hayo yaligharimu pungufu ya zile breki kubwa za mbele tulizozinunua mwanzo. Hapo ndipo roho iliniuma zaidi.

Sasa wanabeba magunia 10 ya kilo 100, hakuna lumbesa, wakizidi wanakwenda safari mbili. Gharama ya usafiri kwa gunia ilipanda, na wapo walionung'unika kwenye mkutano. Yule mama mtunza hazina alisimama, akaonyesha mkono wake, akasema, "Hesabu ya bwana shamba ya kwanza haikuwa na mkono wangu ndani." Nikakubali mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo nikipiga hesabu ya faida na wakulima, mstari wa matengenezo ya gari nauweka kabla ya mstari wa faida.

Kabla ya msimu wa kushusha mazao haujaanza, nenda na fundi wako mkafungue magurudumu yote manne. Mwambie pia aingie chini ya gari, akuonyeshe ile valvu. Kama kuna waya, mwambie autoe leo.

Mwenye swali anikute ofisini kwangu kwenye kata, au tukutane siku ya mnada. Shukeni salama.